Runinga Iliyokufa Jicho

Runinga ya fundi Ausi Chinguile, pale Newala,
ilikuwa imekufa jicho.
Sauti ilibaki.
Kioo kijivu, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga,
na ndani yake, ukikaza macho,
ni sisi wenyewe: watoto tisa juu ya magunia ya korosho
ambazo mwenyewe alikuwa bado hajalipwa.

"Picha inakuja," alisema Ausi. "Kifaa nimekiagiza Masasi."
Alisema hivyo mwaka mzima,
moshi wa risasi ukimwingia puani.

Kila Jumanne, saa mbili na nusu,
jenereta la mji likiwa limeamka vizuri,
tamthilia ilianza. Tamthilia hatukuijali:
watu wazima wakigombana kwa sauti za kuazima,
mlango ukibamizwa,
mwanamke akilia kwa adabu.
Tulifuata ule muziki wa mwanzo.

Tarumbeta inapanda ngazi nne,
inashuka mbili
kama mtu aliyekumbuka kuwa ufunguo kauacha ndani,
kisha ngoma, mbili tu, tu-tu,
halafu fidla zote zinamwagika kwa pamoja.
Nusu dakika. Pengine haikufika.

Tuligombania picha.
Mfaume alisema ni Skania inapanda mlima wa Kitangari,
tarumbeta ni gia, kushuka ni kurudi nyuma,
na utingo anakimbia na jiwe la kuzuia tairi.
Somoe Nandonde akasonya:
ni mwali anatolewa ndani, kanga mpya, mafuta yanang'aa,
mnasikia anavyoona haya kwenye ile ngazi ya nne?
Bakiri, aliyekuwa bado hajaota meno ya mbele,
alisema ni mbuzi.
Mbuzi gani?
Mbuzi tu.

Mimi sikusema. Nilijua ni maji.
Kwetu maji yalinunuliwa kwa ndoo,
yalisukumwa kutoka bondeni na mtambo uliochoka,
na mama alipima ya kunawa uso kwa kikombe cha chai.
Niliyaona kabisa: yanapanda ngazi nne ndani ya bomba,
yanarudi mbili kwa kukosa pumzi,
yanajikaza, tu-tu,
halafu Newala nzima, mpaka pale ardhi inapokatika
na Msumbiji kuanza kule chini,
inalowa.

Miaka ishirini ikapita.
Nilikuwa saluni, Mtwara mjini, kichwa changu mikononi mwa msusi,
siwezi kugeuka,
runinga ikiwa nyuma yangu ukutani.
Tarumbeta ikapanda.
Nikaitazama kwenye kioo, kinyumenyume:
majina ya njano yanasoma kutoka mwisho,
gari refu, jiji la madirisha,
bwana mmoja anavua miwani
kana kwamba kuvua miwani ni kazi ya kulipwa.
Lori hakuna. Mwali hakuna.
Hata mbuzi.

"Nimekuumiza, dada?"
Nikamwambia uzi umebana.

Jioni nilimpigia Somoe, kaolewa Nanyamba,
ana watoto wanne na sauti imekauka kwa kuita.
Nimeiona, nikamwambia. Ile ya Ausi.
Akanyamaza. Nikasikia kuku nyuma yake, na mtu anapasua kuni.
"Enhe?"
Ni mwali, nikasema. Kanga mpya.
"Si niliwaambia!"
Akacheka mpaka salio langu likaisha.

Siku hizi bomba liko uani kwa mama.
Linatangulia kutoa upepo.
Linakohoa mara nne, kila kikohozi juu ya mwenzake,
linameza mara mbili,
nami nimeinama na ndoo yangu kama mpumbavu.
"Funga hilo!" mama anapiga kelele kutoka jikoni,
"mita inahesabu hata upepo, hela itatoka wapi?"
Ngoja, mama.
Ngoja kidogo.
Bado ngoma mbili.